Kabla ya Kufuta Windows, Tuulize Draiva Ziko Wapi



Mwaka huu ombi limerudi tena. Wanafunzi wa darasa la juu wametuandikia barua, nzuri na yenye adabu, wakitutaka tuweke Windows 11 katika kompyuta mbili za ofisi ya madrasa. Sababu walizotoa si za uongo. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mfumo usiohudumiwa haupati tena marekebisho ya usalama. Yote hayo tunayakubali. Hata hivyo jibu letu la mdomo lilikuwa hapana, na tumeona tuliandike hapa pamoja na sababu zake, kwani hapana tupu haimfundishi mtu kitu.

Waliokuwepo mwaka 2023 wanakumbuka. Kompyuta zetu zilikuwa na Windows 7 ya biti 32. Ni mashine kuukuu zilizotufikia zikiwa zimekwisha tumika kwingine, zenye prosesa ya Core 2 Duo na kumbukumbu ya GB 2 tu. Zilikuwa nzito kama punda mgonjwa, lakini zilipiga chapa Kiswahili na Kiarabu, zilitoa sauti ya masomo ya kusikiliza, na zilichapisha karatasi. Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho tukamwita kijana mmoja fundi, tukamwambia: "Tuwekee mpya." Naye akafanya kama alivyoambiwa. Alifuta kila kitu, akaweka Windows 10 ya biti 64, kioo kikapendeza kama cha dukani, akapewa nauli yake akaondoka.

Baada ya swala ya Isha tukakaa kuchapisha mtihani wa kwanza. Printa haikutikisika. Tukajaribu intaneti ili tutafute dawa, intaneti haipo, kwa kuwa kadi ya mtandao haikutambulika. Sauti nayo kimya. Mmoja wenu akasema, "Ustadhi, kompyuta imekuwa bubu na kiziwi." Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Ilikuwa masika, na kila anayeishi Kisaki anajua barabara ya Mvuha na Matombo inavyokuwa wakati huo. Mwalimu mmoja alibeba mitihani katika flashi mpaka Morogoro mjini, akachapisha steshenari kwa bei ya kila ukurasa, akarejea siku ya tatu na suruali yenye tope hadi magotini.

Mitihani ilifanyika. Vyeti vya wahitimu havikutoka. Mhitimu mmoja, tusiyemtaja, alikuwa akisubiriwa kufundisha watoto katika madrasa nyingine. Alikwenda na barua yetu ya mkono, akaambiwa arudi na cheti. Cheti kilipopatikana na akarudi nacho, nafasi ilikuwa imekwisha jazwa. Tumemwomba radhi yeye na mzazi wake. Kosa halikuwa la fundi. Lilikuwa letu sisi walimu, tuliosema "weka mpya" bila ya kuuliza swali moja: draiva ziko wapi?

Sasa draiva ni nini? Wengine huiita kiendeshi. Ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo endeshi, kama Windows, na kifaa, kama printa au kadi ya sauti. Mfumo hauijui lugha ya printa yako, wala printa haiijui lugha ya mfumo. Draiva ndiye mkalimani. Kwa kawaida huandikwa na yule aliyetengeneza kifaa, na huandikwa kwa ajili ya mfumo fulani. Draiva ya biti 32 haifanyi kazi katika Windows ya biti 64, hata kama kifaa ni kile kile na waya ni ule ule. Hapo ndipo tulipoanguka. Mashine haikuharibika hata kidogo, wala printa. Tulimfukuza mkalimani tukabaki tukishangaa kwa nini watu wawili hawaelewani.

Anayetaka mfano wa karibu atembee mpaka stesheni. Reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu ina upana wa milimita 1,067. Reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000, na reli mpya ya SGR ipitayo Morogoro ina milimita 1,435. Kichwa cha treni ya umeme cha SGR ni kizuri na kina mbio, hakuna anayebisha. Lakini kilete Kisaki na hakitasogea hata hatua moja, na si kwa sababu ya ubovu wake. Mwenye kusema "kipya ni bora" inampasa kwanza aangalie reli iliyo chini.

Wala msidhani balaa hili lilituzukia sisi peke yetu huku shamba. Microsoft walipotoa Windows Vista kwa watu wote, Januari 2007, dunia nzima ililalamika. Printa, skana na kadi za sauti zilizofanya kazi jana yake chini ya Windows XP zikagoma, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa tayari na draiva mpya, na kwa baadhi ya vifaa vya zamani draiva hizo hazikuandikwa kamwe. Na kwa nini ziandikwe? Kampuni iliyokwisha kukuuzia printa miaka kumi iliyopita haipati senti kwa kukuandikia draiva leo. Inapata ukinunua printa nyingine. Huo ni uchumi tu, si uchawi, na mwanafunzi anayeujua atapunguza kushangaa.

Basi, mwenye kompyuta ya zamani afanye nini? Kwanza kabisa asifute kitu. Aingie Device Manager, achague kifaa kimoja kimoja, afungue Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Ataona maandishi kama VEN_8086 au VEN_10EC na mengine yakifuatia. Hiyo VEN ni namba ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek. DEV inayofuata ni namba ya kifaa chenyewe. Kwa vifaa vya USB, kama printa nyingi, utaona VID na PID badala yake. Andika namba hizo daftarini kwa kalamu. Ndizo jina halisi la kifaa, maana jina lililobandikwa juu ya kasha hudanganya: mashine mbili za jina moja huweza kuwa na kadi mbili tofauti ndani.

Ukiwa na namba hizo, nenda kwenye intaneti kwa mashine nyingine, au kwa simu, uangalie tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa printa kama ana draiva ya mfumo unaoutaka na ya biti unazozitaka. Isipopatikana hapo, kuna ghala la Microsoft lenyewe liitwalo Microsoft Update Catalog, ambalo hupokea namba hizo na kukuonyesha draiva zilizopo. Draiva ya Windows 7 mara nyingi hukubali katika Windows 10 ikiwa biti ni zile zile, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Kilichopatikana kiweke kwenye flashi kabla ya kugusa Windows. La kadi ya mtandao litangulie yote, kwa sababu ukiwa na mtandao mengine utayafuata, na ukiukosa umefungiwa nje ya nyumba na funguo ziko ndani. (Likikufika hilo, simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, Windows 10 kwa kawaida huitambua bila ya draiva ya ziada. Jambo hili lingetuokoa safari ya Morogoro. Tulilijua baadaye.)

Kadhalika hifadhi draiva za zamani, usije ukahitaji kurudi ulikotoka. Katika Windows 10 amri moja hutosha: dism /online /export-driver /destination: ikifuatiwa na folda iliyoko kwenye flashi yako. Katika Windows 7 amri hiyo haimo, lakini unaweza kunakili folda ya FileRepository iliyo ndani ya DriverStore, chini ya System32.

Ama zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja, tunawakataza waziwazi. Nyingi huonyesha hofu kwanza, kisha hudai pesa, na baadhi huja na wageni ambao hamkuwaalika.

Turudi kwenye barua ya wanafunzi. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Inataka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kitu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kuendelea, isipokuwa chache sana. Vizazi hivyo vilianza kutoka mwaka 2017. Mashine zetu ni za kabla ya hapo kwa miaka mingi. Tunajua mtasema kuna njia za kupita pembeni, na kweli zipo. Lakini toleo la 24H2 la mwaka 2024 haliwaki kabisa katika prosesa isiyokuwa na amri iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo zetu hazina amri hiyo. Hata zingekuwa nayo, kupita pembeni kunakuingiza ndani ya nyumba tu. Hakukuletei draiva ya printa.

Tena liko jambo jingine ambalo ni aibu kulisema lakini tuliseme. Nakala nyingi za Windows zinazozungushwa kwenye flashi huku kwetu hazikununuliwa na mtu yeyote. Tunawafundisha amana asubuhi, kisha jioni tunawasha mashine kwa nakala ya wizi? Nakala hizo zilizochezewa pia ndizo zinazobeba virusi.

Maoni yetu ni kwamba kompyuta kuukuu kama hizi zikihitaji mfumo mpya, ziangalie kwanza Linux. Haiuzwi, huhitaji kumdanganya mtu, na draiva za vifaa vingi vya zamani zimo ndani yake tayari. Bora zaidi, unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila ya kufuta chochote, ukajaribu mtandao, sauti na printa, na usiporidhika ukazima, mashine ikabaki kama ilivyokuwa. Jaribio hilo la nusu saa ndilo tulilokosa mwaka 2023. Wala si jambo geni kwa Mswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Baadhi ya kadi za WiFi huhitaji faili la ziada, na wenye mashine za biti 32 milango inawafungia: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Printa ndiyo kero kubwa kuliko zote. Zipo printa za bei rahisi zisizo na akili yake yenyewe, hutegemea draiva ya kompyuta iwafanyie kila kitu, na draiva ikikosekana ni kasha tupu. Zipo nyingine zinazojua lugha ya PCL au PostScript, nazo hufanya kazi na draiva ya jumla katika karibu kila mfumo. Siku mtakapokwenda kununua printa iliyotumika, ulizeni hilo kabla ya kuuliza bei. Yetu, kwa bahati mbaya, ni ya aina ile ya kwanza.

Na wanaosema kuwa kazini watakutana na Windows na Word, wamesema kweli, hatuna la kuwajibu hapo ila kwamba ofisi iliyo na mashine mpya iweke mfumo mpya, na sisi tutakapojaaliwa mashine mpya tutafanya hivyo hivyo.

Kwa sasa mambo yako hivi. CD ya printa tuliipata baada ya wiki tatu, ndani ya kasha lake la asili tulilokuwa tukihifadhia chaki. Ilikuwa na draiva za biti 32 za XP na Vista. Kompyuta moja tukairudisha Windows 7 ya biti 32, draiva ya Vista ikakubali, printa ikanguruma, na waliokuwepo walipiga takbira. Mashine hiyo haiunganishwi na intaneti na kazi yake ni kuchapisha tu. Ya pili ina Debian ya biti 64. Ilitambua kadi ya mtandao na sauti yenyewe, ikaikataa printa. Hivyo kazi huandikwa kwenye ya pili, huhifadhiwa kama PDF, na hubebwa kwa flashi hadi ya kwanza. Flashi hiyo ni moja tu, haitoki ofisini, na hakuna kuchomeka nyingine yoyote. Vyeti vya mwaka uliopita vilitoka siku ya mahafali yenyewe.

CD na flashi ya draiva vimo kwenye kabati la vitabu, rafu ya juu, katika bahasha ya kaki. Daftari lenye namba za vifaa liko pamoja navyo. Anayetaka kujifunza aje siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, aandike jina lake, na akija na kompyuta ya nyumbani kwao asiwe ameifuta.