Mwanao akitaka kurusha roketi

Likizo zikifika hapa Kayole watoto huingiwa na ufundi wa kila aina: magari ya waya, tiara za nailoni, na wapo wanaotaka kuunda roketi. Je, mzazi, utafanya nini ukimkuta wako akishindilia unga wa viberiti ndani ya bomba la chuma?

Usimcheke. Lakini bomba hilo mnyang'anye papo hapo. Moto uliofungiwa ndani ya chuma ukikosa pa kutokea hulipasua, na vipande huruka kama risasi. Hata wenye mchezo huu huko Marekani hununua injini zilizokwisha kupimwa, na kanuni zao zinakataza kuzichokoachokoa.

Ukishamnyang'anya, mpe habari hii. Kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi za Scout zilirushwa hapa kwetu kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, mojawapo ilipaa na satelaiti ya Wamarekani ya kilo 140 hivi. Hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezewa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ikaitwa Uhuru.

Scout ilikuwa na injini 4, moja juu ya nyingine. Kwa nini nyingi hivyo? Fikiria msafiri wa jangwani aliyebeba mitungi 4 ya maji. Akimaliza mmoja huutupa, maana wa nini kubeba mtungi mtupu? Roketi nayo hutupa gamba la injini iliyokwisha, kisha inayofuata huwaka na kusukuma mzigo uliopungua.

Hatari iko hapo. Injini ya fueli kavu ikishawaka haizimiki. Roketi ikiwa imeinama, injini ya pili itaipeleka kando, pengine kwenye mabati ya jirani. Kwa hiyo wajuzi huweka kifaa cha kupima mwinamo. Roketi ikilala, injini ya pili hunyimwa moto. San Marco nayo ilikuwa na bahari wazi upande wa mashariki, zilikoelekea roketi.

Sasa, kijana wako aanze na nini? Chupa ya soda ya plastiki, maji theluthi moja, kizibo kinachobana na pampu ya baiskeli. Nendeni uwanjani, mbali na ploti na nyaya za stima, mtu mzima awepo, na asiwepo wa kuinamia chupa. Maji yakifyatuka chini, chupa hupanda juu. Kanuni ni ileile ya Scout.

Na akishika hesabu na fizikia, Juja si mbali. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wameunda roketi zao katika mradi wa Nakuja, chini ya macho ya walimu.

Mzazi, mnyang'anye bomba, usimnyang'anye hamu.