Rekodi ya gemu ihakikiwe kwanza, sifa zije baadaye

Na Hamisi Mdoe

Mwaka 2009 mchezaji anayejulikana kwa jina la Groobo aliwasilisha video iliyoonyesha gemu la Diablo likimalizwa kwa dakika 3 na sekunde 12. Diablo lilitoka mwishoni mwa 1996, na mtu wa kawaida hutumia saa nyingi kuteremka ngazi zake 16 za mahandaki hadi kumkabili shetani mwenyewe. Speed Demos Archive, tovuti iliyoheshimika kuliko zote wakati huo katika mbio za gemu, yaani mashindano ya kumaliza gemu kwa muda mfupi zaidi, iliipitisha video hiyo. Guinness nao wakaitambua. Miaka ikapita bila mtu kuikaribia, na wapo waliolipenda gemu hilo lakini wakaona hakuna haja hata ya kujaribu.

Kilichoiangusha ni hesabu. Kila anayeanza Diablo upya hupewa mahandaki tofauti, lakini ramani zote za mchezo mmoja huzaliwa na namba moja, inayotokana na saa na tarehe ya kompyuta pale mchezo unapoanza. Kwa hiyo ngazi zote zinazoonekana katika video lazima zitokane na namba hiyo hiyo. Timu ya mchunguzi Allan Cecil, anayejulikana pia kama dwangoAC, ilitumia programu kupitia mahandaki yote yanayowezekana, takriban bilioni 2.2. Hakuna namba hata moja iliyozaa ngazi za Groobo kwa pamoja. Video yake ilikuwa na vipande 27, na kanuni ziliruhusu vipande, mradi kila kimoja kiendeleze mchezo ule ule. Groobo amejitetea kwamba hakuwahi kuficha kuwa alitumia vipande. Tovuti iliona hilo halitoshi, ikaiondoa rekodi yake.

Kisa hiki kinauma kwa sababu Speed Demos Archive haikuwa kijiwe cha kubahatisha. Ilianza 1998 na mbio za gemu la Quake, na ilikuwa na utaratibu ambao mitandao mingi ya leo haina. Kila video ilipitia kwa wahakiki wanaolijua gemu husika, nao walitakiwa kujibu maswali mawili: je, kuna udanganyifu, na je, mchezaji amecheza vizuri kiasi cha kustahili kuwekwa? Mchezaji mwaminifu lakini mzembe alirudishwa akafanye upya. Ulikuwa ukali wenye faida, kwani uliwalazimisha wachezaji kujisahihisha.

Lakini maswali hayo mawili hayana uzito sawa, na safu hii inaamini ndipo kosa huanzia. Mchezo mzuri hupumbaza. Mhakiki anayeshangilia kila hatua ya mchezaji husahau kuuliza kama hatua hiyo inawezekana. Ubora ujadiliwe, tena kwa kina, baada ya ukweli kuthibitishwa.

Groobo hakuwa wa kwanza. Mchezaji Todd Rogers naye aliaminiwa kwa jina lake. Mwaka 1982 alidai kumaliza Dragster, gemu la magari la Activision, kwa sekunde 5.51. Kampuni ilimkubali, Twin Galaxies, watunzaji wa rekodi za gemu, wakaiweka kwenye orodha yao, na Guinness wakaitukuza kwa kudumu muda mrefu kuliko nyingine. Rogers alieleza kuwa siri yake ilikuwa kuondoka na gia ya pili. Mwaka 2017 mchezaji wa mbio za gemu Eric Koziel alifungua msimbo wa gemu hilo, akafuata hesabu ya mwendo wa gari fremu kwa fremu, gia kwa gia. Jibu lilikuwa sekunde 5.57. Chini ya hapo haiwezekani, na gia ya pili haisaidii. Januari 2018 Twin Galaxies walifuta rekodi zote za Rogers, na Guinness wakafuata. Ilichukua takriban miaka 35 kupata jibu la swali ambalo gemu lenyewe lilikuwa na jibu lake.

Tatizo linakuwa zito zaidi pale mshukiwa anapokuwa na mamilioni ya mashabiki. Mwishoni mwa 2020 wasimamizi wa mbio za Minecraft walichapisha ripoti ya kurasa 29 kuhusu Dream, nyota wa YouTube. Ili kulimaliza Minecraft mchezaji huhitaji lulu za Ender, na njia ya haraka ni kuwapa viumbe wa piglin dhahabu na kungoja watakachorudisha. Katika mabadilishano 262 yaliyoonekana mubashara, Dream alipata lulu mara 42, wakati kawaida ingekuwa kama mara 12. Katika viumbe 305 wa blaze aliowaua, 211 walidondosha fimbo, ambazo nazo huhitajika, wakati kawaida ni nusu. Wasimamizi walipunguza makali ya hesabu kila walipoona inaweza kumwonea, na bado uwezekano wa bahati hiyo ulibaki 1 katika trilioni 7.5.

Mashabiki waliwashambulia kwa matusi watu wanaofanya kazi hiyo bila malipo. Mei 2021 Dream alikiri kwamba modi iliyobadilisha uwezekano huo ilikuwa ndani ya gemu lake, ingawa alisema hakujua wakati ule. Wasimamizi walikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na wanastahili kuambiwa hivyo kwa sauti ile ile waliyotukanwa nayo.

Kuikataa rekodi si lazima kumvunjia mtu heshima. Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni jijini Vienna kwa saa 1:59:40, dunia nzima ikasimama, lakini muda huo haukuandikwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu wasaidizi wa kasi walipokezana njiani na mbio hazikuwa wazi kwa wengine. Hakuna aliyemwita mdanganyifu. Mbio za gemu nazo zina fungu lake la aina hiyo: zile zinazotengenezwa kwa msaada wa kompyuta, fremu baada ya fremu, na kuhifadhiwa na tovuti ya TASVideos. Zikitangazwa zilivyo ni kazi ya sanaa. Zikipenyezwa kama kazi ya mkono wa mtu ni wizi.

Kwa vijana wanaoingia kwenye mashindano haya, ombi ni hili: rekodini sauti na picha bila kukata, tunzeni faili halisi hata baada ya kupitishwa, na tajeni kila modi na emuleta mliyotumia kabla ya kuulizwa. Nanyi wasimamizi, mkikubali au mkikataa video, wekeni sababu zenu hadharani pamoja na hesabu zake, ili mtu mwingine aweze kuzirudia mwenyewe.