Mashine Haijui Uongo

Wako wanaoamini kwamba mtu akishafungwa nyaya za ile mashine ya kupima uongo, hana tena pa kuficha neno. Mimi nasema, mashine hiyo haijui uongo ni kitu gani.

Aliyeiunda mwaka 1921, John Larson, alikuwa askari polisi wa Berkeley, California. Yenyewe hupima pumzi, mapigo ya moyo, na jasho la vidole, basi. Muulizaji huuliza dogo, kisha kubwa, akalinganisha michoro. Lakini je, moyo hudunda kwa uongo peke yake? Mtu mwema aliyesingiziwa wizi, akikalishwa mbele ya muulizaji, hatoki jasho? Na yule mkavu wa macho, atashtushwa na nini?

Aldrich Ames alikuwa afisa wa CIA, naye tangu 1985 akiwauzia Warusi siri za kwao. Alipimwa 1986, akapita. Akapimwa 1991, akapita tena! Hakukamatwa ila 1994. Mwenyewe alisimulia kwamba Warusi walimwusia alale vizuri, aende ametulia, awe mchangamfu kwa mpimaji.

Kwa kadhi, mdai huleta mashahidi na mwenye kukana hula yamini. Hapo pia mwongo aweza kuapa, ila hakuna adaiye kwamba kadhi amechungulia kifuani mwake.

Wamarekani wenyewe, mwaka 1988, walitunga sheria ya kuwazuia waajiri wengi wa kibinafsi wasiwapime wafanyakazi wao. Serikali, lakini, ilijitoa katika sheria hiyo, na majasusi wake hupimwa hadi leo.