Hata Wanafunzi wa Dennis Walikaa Darasani

Mwandishi aliyedai kuwa anayeingia masoko ya fedha hahitaji masomo ametutolea mfano wa Richard Dennis, mfanyabiashara wa masoko hayo wa Chicago, aliyewafunza watu wasio na uzoefu kuanzia 1983. Mfano huo unampinga yeye mwenyewe. Dennis aliwachuja waombaji, kisha yeye na mwanahisabati William Eckhardt wakawafundisha kanuni za soko na kiasi cha kuhatarisha. Hiyo ni shule.

Kweli, shahada pekee haitoshi: mfuko wa uwekezaji wa LTCM, wenye washindi wawili wa Nobel, ulianguka 1998. Lakini bila masomo mtu hajui hata hesabu ya msingi: aliyepoteza nusu ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Tusiwahadae vijana. Wajifunze hesabu hiyo kabla ya kugusa akiba zao.