Bonde la Msimbazi na Haki ya Watunzi

Abiria ashukaye Sinza katika kituo kiitwacho Kwa Remmy hulitaja jina la mtunzi wa muziki bila ya kukusudia, maana jina hilo halikutokana na amri ya halmashauri wala na kibao kilichozinduliwa na waziri, bali lilitoka vinywani mwa makondakta na majirani waliojua kwamba maeneo yale ndiko alikokuwa akikaa marehemu Ramadhani Mtoro Ongala, Dakta Remmy. Mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 akajiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila, akaimba juu ya mauti na ufukara, na juu ya ukimwi pia katika zama ambazo wakubwa wengi waliona haya hata kuutaja; wimbo wake wa “Mambo kwa Soksi”, uliowausia watu kutumia kondomu, ulinyimwa nafasi redioni, lakini mitaani haukuhitaji idhini ya mtu. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na hadi leo ukumbusho wake ulio dhahiri kuliko wote ni sauti ya konda.

Nayasema haya kwa sababu ya Mto Msimbazi. Mto huo, uanziao katika vilima vya Pugu na kuingia baharini penye Daraja la Selander, ndio uliofurika Desemba 2011, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini, na wakazi wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na katika mipango yake limo daraja jipya la Jangwani na imo bustani kubwa ya jiji. Rai yangu ni kwamba bustani hiyo, maadamu itajengwa kwa deni litakalolipwa na wajukuu zetu, isiwe majani na viti vya kupigia picha za harusi tu, bali iwekwe wakfu kwa watunzi wetu, na ndani yake muwe na nyumba ya kuzisikilizia nyimbo zao.

Walimwengu wametangulia katika jambo hili, wengine kwa namna ya ajabu. Mmarekani Stephen Foster, aliyetunga mwaka 1851 wimbo uliousifu mto Suwannee, hakuwahi kuuona mto wenyewe. Jina lake alilitoa katika kitabu cha ramani kwa kuwa liliafikiana na mizani ya wimbo wake. Alikufa fukara mwaka 1864, umri wake miaka 37, na hata hivyo jimbo la Florida likamjengea kando ya mto ule bustani, makumbusho na mnara wa kengele 97. Wimbo wenyewe ulikuwa wa wazungu waliojipaka weusi usoni wakiwaigiza watumwa, na mwaka 2008 Florida ikalazimika kuyabadili maneno yake. Ikiwa mtu ameenziwa kiasi hicho kwa mto asioujua, mtunzi wetu Marijani Rajabu, mtoto wa Kariakoo, aliyefariki mwaka 1995, amekosa nini kwetu?

Kengele, kwa kweli, sizililii sana. Magomeni ina misikiti na makanisa ya kutosha kutujulisha saa. Nikilazimishwa kuchagua mnara, nitataka mnara utoao kila jioni gitaa la mwanzo wa “Zuwena” ya Marijani, abiria wa mabasi ya mwendokasi walisikie wanapovuka Jangwani. Ninalolitaka hasa ni kanda. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo bendi zilikwenda kurekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na humo ndimo ulimobaki muziki wa Nuta Jazz, wa Dar International, wa Mlimani Park na wa wengine wasiohesabika. Kijana wa Temeke anayejifunza besi leo anastahili kuketi mahali, bure, akavaa visikilizio na kuisikia kazi ile ilivyotoka studioni, si nakala ya nakala iliyokwisha kufifia.

Ila nyumba hiyo sharti iwe juu ya ardhi iliyoinuliwa. Kanda haipatani na maji, na karakana ya mabasi iliyowekwa Jangwani imekwisha kutufundisha somo hilo mara kadhaa. Wapo pia watakaouliza kwa nini tujenge makumbusho ilhali kuna waliovunjiwa nyumba bondeni, na swali hilo ni la haki: fidia itangulie, bustani ifuate, wala bustani yenyewe isizungushiwe ukuta wa kuwazuia wenyeji wa Kigogo na Magomeni.

Basi TARURA, wenye dhamana ya mradi, na Wizara yenye dhamana ya utamaduni, waketi na TBC, wenye kanda hizo za Radio Tanzania, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, pamoja na warithi wa watunzi, wakubaliane nani atalipwa nini kila wimbo utakapopigwa, na wafanye hivyo sasa, kabla majengo ya bustani hayajagawiwa wenye migahawa.