Padoshifta nyumbani: sio dakika kumi, na sio uchawi

Najua wengi wenu mko kwenye msuli wa test na hamna muda wa maneno mengi. Ila kuna ubishi umekaa vimbwetani wiki nzima sasa, na kila nikipita naulizwa "we mtu wa uhandisi unasemaje?" Haya, leo nasema, halafu narudi kwenye daftari langu.

Ubishi wenyewe ni huu. Mtu ana gari lenye padoshifta, yaani vile vijibao viwili vilivyo nyuma ya usukani, cha kulia cha kupandisha gia na cha kushoto cha kushusha. Kimoja kimekatika, au ukikivuta hakijibu. Je, abadilishe mwenyewe nyumbani au apeleke kwa fundi? Kuna wanaosema ni plastiki tu, dakika kumi nyingi. Kuna wanaosema usiguse kabisa, utajilipua uso. Msimamo wangu ni huu: kazi hii inafanyika nyumbani, na mwanafunzi yeyote anayejua kushika bisibisi anaiweza. Lakini anayesema ni dakika kumi asiruhusiwe kuigusa, hata kama ana digrii tatu.

Tuanze na kitu chenyewe, manake nimegundua wengi wanabishania kitu wasichokijua.

Vijibao hivi vilitoka kwenye mbio za magari. Mwaka 1989 Ferrari walileta gari lao la Formula 1, lile 640 la mbunifu John Barnard, ambalo dereva alibadilisha gia bila kuachia usukani. Mbio yake ya kwanza ilikuwa Brazil, na Nigel Mansell akashinda nalo hapohapo. Mwaka 1997 Ferrari wakaziweka kwenye gari la barabarani, F355. Leo sio mambo ya matajiri tena. Unazikuta kwenye gari tunazopishana nazo kila siku barabara ya Morogoro: baadhi ya Subaru Legacy na Forester zilizotoka Japani, baadhi ya Honda Fit, na za Mjerumani kama Golf GTI.

Sasa sikilizeni. Kwenye gari hizi za kawaida kijibao ni swichi tu, kama ile ya taa ya chumbani kwako. Ukikivuta kinapeleka ishara kwenye kompyuta ya giaboksi, kwamba mwenye gari anaomba gia. Kuomba ni kazi yako, kuamua ni kazi ya kompyuta. Ukiomba gia ya chini wakati injini itazunguka kupita kiasi, inakukatalia na wala haikuombi msamaha. Kwa hiyo kaka yangu anayetaka kuweka vya alumini au vya kaboni ili gari "liwe jepesi", pole sana. Swichi ya dhahabu haiongezi mwanga wa taa.

Hapohapo nimalizane na zile za kubandika, ambazo ni ndefu zinazogundishwa juu ya kijibao cha zamani. Kama unapenda pambo, ni gari lako. Lakini angalia vitu viwili. Cha kwanza, gundi na jua la Dar haviendani. Gari likilala juani mchana kutwa, siku moja kijibao kitabaki mkononi mwako katikati ya kona. Cha pili, kikiwa kirefu sana kinagombana na mkono wa indiketa na wa waipa. Mtu anataka kuwasha indiketa, anapandisha gia. Mi pesa ya bumu siwezi kuitumia kwa jambo hilo.

Turudi kwa mwenye kijibao kilichokufa kweli. Kabla hajanunua chochote, ajiulize: kilichokufa ni kijibao au ni utepe? Nyuma ya usukani kuna kibweta cha plastiki chenye utepe wa nyaya ulioviringishwa kama uzi wa saa ya kizamani. Huo ndio unaoruhusu usukani uzunguke bila kukata nyaya. Kama kijibao kimoja tu hakifanyi kazi na honi inalia, vitufe vya redio vinajibu, hakuna taa ya ajabu kwenye dashibodi, mshuku kijibao. Kama vyote viwili vimekufa, honi nayo kimya, na taa ya eabegi imewaka, mshuku utepe. Ukienda Ilala au Gerezani kununua vijibao vya mtumba wakati ugonjwa ni utepe, umempa muuza spea zawadi ya Krismasi.

Na sasa ndio tunafika kwenye roho ya ubishi. Kwenye gari nyingi, ili ufikie skrubu za vijibao lazima kwanza utoe eabegi ya dereva, ule mfuko wa hewa uliokaa katikati ya usukani. Hapo ndipo "plastiki tu" inapokwisha. Ule mfuko haujazwi na pampu. Unajazwa na kemikali inayowashwa na umeme, na kazi yote inaisha haraka kuliko unavyoweza kupepesa jicho. Umetengenezwa umwokoe mtu aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo. Haukutengenezwa kwa mtu aliyeinamia usukani na bisibisi mkononi, pua sentimita ishirini kutoka pale.

Mi kazi hii nimeifanya, kwenye gari la mjomba, Subaru, kijibao cha kushoto kilikuwa kimevunjika shina. Mjomba alisimama pembeni muda wote, kila dakika "mjomba, una uhakika?" Nawapa utaratibu tuliofuata, kwa sababu utaratibu ndio hoja yangu yenyewe.

Kwanza tulinyoosha matairi ya mbele, tukazima gari, tukatoa ufunguo. Halafu spana namba 10, tukafungua terminali ya hasi ya betri na kuiweka pembeni isirudi kugusa. Halafu tukakaa. Ndio, tukakaa! Kompyuta ya eabegi ina akiba yake ya umeme, ili hata betri ikikatika kwenye ajali mfuko ufunguke. Akiba hiyo inahitaji muda kuisha. Vitabu vya Toyota vinasema sekunde 90, Honda wanasema dakika tatu. Sisi tulikaa nusu saa, mjomba akaagiza chai. Ukiona kusubiri ni kupoteza muda, mpelekee fundi, bila ubishi.

Ndipo tukafungua. Kwenye gari nyingi eabegi imeshikwa na skrubu mbili za pembeni zenye kichwa cha nyota, au na vibanio vya springi vinavyosukumwa kwa bisibisi bapa kupitia vitundu vya nyuma. Plagi zake ni za njano. Njano kwenye gari maana yake ni "nikumbuke". Zina kufuli ndogo, unaiinua taratibu, huvuti waya. Mfuko ukishatoka unaubeba ukiwa umeelekeza uso wake mbali na wewe, na unauweka chini upande wa nembo ukiangalia juu. Ukiuweka kifudifudi na ukafyatuka, unaruka kama kombora. Na tafadhali, wale wenzangu wa umeme mnaopenda kupima kila kitu: usiweke mita kwenye waya wa eabegi. Umeme mdogo wa mita nao unaweza kuuwasha.

Baada ya hapo kazi ni ya kitoto. Kwenye gari letu skrubu chache, plagi moja, kijibao cha zamani kimetoka, kipya kimeingia. Kwenye gari nyingine lazima utoe usukani wote. Hapo weka alama ya kalamu kwenye usukani na kwenye shina lake kabla hujavuta, ili urudi mlemle ulipokuwa. Ule utepe nao usiuache uzunguke ovyo. Ukiurudisha umepitiliza mizunguko, siku ya kwanza utakayokata kona kali unakatika, na eabegi inakufa nao. Nati ya usukani ikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, sio kwa nguvu za ugali. Mwisho unarudisha eabegi, plagi zinalia "taka", halafu ndio betri. Usiwashe swichi hata kidogo kabla plagi za njano hazijarudi, kompyuta itaandika kosa na taa haitazima mpaka ifutwe kwa mashine.

Washa swichi, angalia taa ya eabegi. Iwake sekunde chache, izime. Hiyo ndiyo salama. Isipozima kuna tatizo. Na isipowaka kabisa, tatizo ni kubwa zaidi, nitaeleza.

Sasa wale wa "peleka kwa fundi". Ndugu zangu, nawaheshimu mafundi, na wapo waliosahau kuliko mimi nitakavyojifunza. Lakini neno "fundi" sio dawa. Kuna gereji moja nilisimama nikaona kijana anachomoa eabegi betri ikiwa imefungwa, redio inaimba, sigara mdomoni. Na kuna mchezo mbaya zaidi. Gari limepata ajali, mfuko umefyatuka, mtu hataki kununua mpya. Anarudisha kifuniko, anachomeka rezista ndogo kwenye plagi ya njano ili kompyuta idhani mfuko upo. Mwingine anatoa balbu ya taa kabisa. Unanunua gari safi, taa imezima, ndani mtupu! Kwa hiyo ukinishauri nimpelekee fundi, nauliza: fundi yupi, na anasubiri dakika ngapi baada ya kufungua betri? Akicheka, naondoka na gari langu.

Na hapa ndipo naona ukifungua mwenyewe unapata faida ambayo hakuna mtu anaisema kwenye ubishi huu. Unaona kilichomo. Unajua kama mfuko upo.

Lakini upo mfuko wa namna gani? Wadau, hapa nisomeni vizuri. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyotumika na Honda, Toyota, Subaru, Mazda, Nissan, BMW na wengine wengi. Kemikali waliyotumia ni amonia naitreti, na ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Mfuko ukifyatuka kwenye ajali, kopo lake la chuma linapasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani peke yake mifuko kama milioni 67 iliitwa irudishwe, na watu zaidi ya 25 wamekufa huko. Mwaka 2017 kampuni ikafilisika. Joto na unyevu, jamani! Mi nakaa Dar. Sijui kama kuna maelezo mengine ya hali ya hewa yetu yanayotufaa kuliko hayo.

Gari lililoitwa Japani likiwa tayari liko kwenye meli, nani alimpigia simu mwenye gari wa Mbagala? Kwa hiyo hata kabla ya bisibisi, chukua namba ya chesisi, zile zinazoanza na herufi kama BP5 au SH5, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Wajapani wameweka sehemu ya kuangalia kama gari fulani lina wito ambao haujafanyiwa kazi. Kimombo kikikosekana, programu ya kutafsiri itakusaidia. Sisemi mfuko huo utapasuka ukiugusa tu. Nasema usije ukahangaika na kijibao cha gia, ukakirudisha vizuri, ukafurahi, huku umerudisha mbele ya kifua chako kitu ambacho siku ya ajali kitakuumiza badala ya kukuokoa. Kama gari lina wito, kwanza wakala wa kampuni hiyo aliyepo mjini aulizwe. Kijibao kinaweza kusubiri. Gari la otomatiki linajibadilishia gia lenyewe, halina haraka na wewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa vimbweta vyote ni hili. Badilisha mwenyewe, ndio, kama umeangalia chesisi, umefungua betri, umesubiri, na una kitabu cha gari hilo mbele yako na sio maneno ya mshkaji. Pungukiwa na kimoja kati ya hivyo, acha. Na ukiamua fundi, masharti ni yaleyale, ila yeye ndiye anayashika na wewe unasimama pale unamwangalia. Asikwambie nenda kanywe soda.

Anayebisha aje na hoja, sio matusi. Na kama kuna dada au kaka ana Mitsubishi ambayo vijibao vyake havizunguki na usukani, vimefungwa kwenye shina, huko kazi ni nyingine kidogo, anitafute tusome kitabu chake pamoja.

Naomba kuwasilisha. Msuli mwema, na mkanda mfunge hata mkienda Mwenge tu.