Mgeni wa Franco Aanzie Wapi?
Bwana mwandishi, kwa mengi uliyoyaeleza nakuafiki, illa kumwelekeza mgeni wa muziki wa Franco, mpiga gitaa wa Kongo, aanze na santuri za mwaka 1956, ilipoasisiwa bendi yake ya OK Jazz mjini Léopoldville, naona ni kumtwika mzigo kabla hajaizoea njia. Mimi ningemtangulizia wimbo "Mario" wa 1985, kisa cha kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri na mali, ambacho hata asiyejua Kilingala, magitaa yapokeapo zamu baada ya maneno, hakosi kukionja ladha. Kisha, akiisha kunasa, ndipo arejee nyuma kwa mkusanyiko wa Francophonic uliotolewa 2008, wenye nyimbo za tangu 1953 hadi 1980. Miye nilianza na hizo za kale, nikaziweka kando miaka mitatu.